Filamu ya Mkwawa: Lugalo iwe mwanzo tu

Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, Mtwa (mtawala) wa Wahehe tunayemwita Mkwawa, anastahili filamu kubwa kuliko kiongozi mwingine yeyote wa karne ya 19 katika nchi yetu. Mwandishi wa skripti akikaa mezani, mvuto wa kwanza ni kuweka ushindi wake dhidi ya Wajerumani pale Lugalo, Iringa, uwe kilele. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Lugalo ni tarehe 17 Agosti 1891, na Mkwawa alikufa 19 Julai 1898. Ukimaliza Lugalo umeitupa miaka saba, na ndiyo yenye mtu ndani yake.

Mimi ningeipa Lugalo dakika 12 za mwanzo. Emil von Zelewski, kamanda wa Kijerumani aliyepewa jina la Nyundo, aliongoza askari wapatao 320, Wazungu 13 na wapagazi zaidi ya 100. Njia ilikuwa nyembamba, wakifuatana mmoja mmoja. Ukiacha mita mbili kati ya mtu na mtu, msafara huo unakaribia kilomita nzima, na hiyo ndiyo siri ya vita yenyewe: wa mbele hamwoni wa nyuma, mizinga na bombomu (bunduki za rashasha) zimefungwa juu ya punda, na Wahehe wamelala majanini mlimani juu yao. Simulizi moja linasema ofisa mmoja wa Kijerumani alimfyatulia ndege, na mlio ule ukachukuliwa kuwa ishara ya kushambulia. Kwa mwongozaji, hiyo ni zawadi. Kamera ibaki chini kwenye nyasi, usawa wa macho ya mtu aliyelala, isikike risasi moja, halafu nyasi zote zisimame. Askari waliwahi kufyatua mara moja au mbili tu. Wazungu 10 walikufa hapo, pamoja na askari wapatao 250.

Kwa onyesho hilo huhitaji watu 3,000. Watu 150 wanatosha, wakipigwa picha kwa makundi kutoka pembe nne na kuunganishwa kwenye uhariri. Ncha za mikuki ziwe za mpira, kwa sababu mtu anayekimbia kuteremka mlima hawezi kusimama ghafla. Bunduki ziwe Mauser za mwaka 1871, zinazojazwa risasi moja moja na kutoa moshi mzito mweupe. Wengi hukodi bunduki yoyote ya zamani iliyopo. Mtazamaji anaona askari akifyatua mfululizo bila kujaza, na hapo hataelewa tena kwa nini mkuki ulishinda. Msipige picha mwezi wa Machi. Iringa wakati huo ni kijani kibichi, na Agosti ni kiangazi, nyasi kavu za rangi ya manjano na baridi kali asubuhi.

Kosa jingine ni lugha. Askari wa Wajerumani mwaka 1891 hawakuwa wote watu wa pwani. Wengi walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri, na wengine walitoka Msumbiji. Kwa hiyo amri inatoka kwa Kijerumani, inapita kwenye Kiarabu na Kiswahili, na inafika imechelewa. Mkwawa na watu wake wazungumze Kihehe, maandishi ya Kiswahili yawe chini ya skrini.

Kisha Kalenga, makao makuu ya Mkwawa. Ngome yake iliangushwa na Wajerumani kwa mizinga 30 Oktoba 1894, na Mkwawa akatoroka. Msijenge ngome nzima; ukuta wa mita 40 wenye kona moja na lango unatosha, sehemu iliyobaki iongezwe kwa kompyuta. Kuta za maboksi zilizopakwa rangi hujulikana mara tu kombora likizigusa, kwa hiyo jengeni kwa udongo na mawe, angalau upande utakaobomolewa.

Moyo wa filamu, kwangu, ni Mpangile. Huyu ni ndugu yake Mkwawa. Desemba 1896 Wajerumani walimtawaza awe mtawala badala ya kaka yake aliyekuwa msituni; Februari 1897 wakamnyonga, wakimshuku kuwa anamsaidia siri. Je, alikuwa amemsaliti Mkwawa au alikuwa anamkinga? Skripti isijibu. Mwandikieni maonyesho marefu ya ndani, watu wawili na taa moja: Mpangile na Tom von Prince, kamanda wa Wajerumani, wakizungumza kwa mkalimani, kila mmoja akipima maneno. Hapo ndipo mwigizaji mzuri atakapohitajika kuliko mzinga wowote.

Na msimsafishe Mkwawa. Aliwavamia majirani zake, na ndiyo maana Merere, mtawala wa Usangu, alisimama na Wajerumani. Ukimfuta Merere, mtazamaji hataelewa jinsi mtu aliyefichwa na watu wake kwa miaka minne alivyobanwa hadi Mlambalasi, mahali alipofia, mgonjwa, akiwa amebakiwa na vijana wawili, huku kichwa chake kimewekewa rupia 5,000.

Fuvu lake, lililochukuliwa na Wajerumani baada ya kifo chake, ni filamu nyingine. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliidai Ujerumani ilirudishe, na halikurudi Kalenga hadi 1954. Wekeni mistari miwili ya maandishi kabla ya majina ya waigizaji, na maombi ya kibali cha Kalenga, Lugalo na Mlambalasi yapelekwe mapema kwa wahusika wa malikale, mbali na kile cha Bodi ya Filamu, kwa sababu kimoja hakifungui mlango wa kingine.