Konsonanti za Kijapani: tunayodhani na yanayosikika

Kila Mswahili anayeanza Kijapani hupewa faraja ile ile: "Utakiweza upesi, si ni ka-ki-ku-ke-ko kama chetu?" Niliambiwa hivyo, nami nikawaambia wengine kabla sijaona madhara yake. Irabu ni tano kama zetu, na silabi nyingi huishia na irabu, hilo ni kweli. Lakini mtu akishaamini kwamba anaijua lugha nusu, huacha kusikiliza mapema, na konsonanti za Kijapani zinadai sikio kuliko zinavyodai ulimi.

"Tsunami husomwa sunami, t ni ya maandishi tu."

T ipo, na Mjapani anaisikia. Desemba 26, 2004, mawimbi ya Bahari ya Hindi yalipofika hadi pwani za Kenya na Tanzania, neno hili lilijaa kwenye taarifa zetu za habari, na wengi tukalitamka bila t kwa kuwa Kiswahili sanifu hakina sauti hiyo. Kwa Kijapani, tsu ni bandari na nami ni wimbi. Ukiidondosha t unageuza maana: natsu ni majira ya joto, nasu ni bilinganya, tsuki ni mwezi wa angani, suki ni kupenda.

Njia ya kuipata imo kwenye neno chai. Litamke polepole mno. Ulimi unaanza umebana kama unataka kusema t, kisha unaachia sh. Sasa bana vile vile, ila ukiachia, achia s. Basi, hiyo ndiyo sauti, na ni moja, si mbili zilizounganishwa. Mdigo anayo tayari katika tsi, yaani nchi. Mnyarwanda anayo katika gutsinda, kushinda. Inaniuma ninaposikia mwanafunzi akiambiwa lugha ya nyumbani kwao itamharibia matamshi, wakati ndiyo iliyomtangulizia kazi.

"Kijapani hakina l, kwa hiyo ikaze r."

Usiikaze. R ya Kijapani ni ncha ya ulimi kugusa ufizi wa juu mara moja tu na kuondoka, kama r ya "habari" mtu anaposalimia kwa haraka. Ile ya kutetemesha ulimi ipo, Wajapani huiita makijita, na huwajia wanapoigiza mtu mkali au jambazi. Anayechanganya r na l katika Kiswahili naye asiwe na hofu: Kijapani hakitofautishi sauti hizo mbili, hivyo hapa hana neno la kuharibu.

"Fuata herufi za Kirumi, zimeandikwa kama zinavyotamkwa."

Zimeandikwa hivyo kwa sikio la nani? Maandishi tuliyoyazoea yalienezwa na kamusi ya James Curtis Hepburn, daktari mmisionari kutoka Marekani, hasa toleo lake la mwaka 1886, na konsonanti zake zilifuata Kiingereza. Katika mfumo mwingine wa kuandika Kijapani kwa herufi hizo hizo, Mlima Fuji huandikwa Huzi. Hapo hakuna kosa la chapa. Sauti yenyewe si f yetu wala si h yetu. Kwenye f yetu meno ya juu hugusa mdomo wa chini. Kwenye fu ya Kijapani meno hayahusiki kabisa, midomo miwili inakaribiana na pumzi inapita katikati, kama unapuliza chai ya moto.

"B na d ni zile zile."

Karibu. Weka vidole kooni useme baba, dada. Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili koo hushuka kidogo na hewa huvutwa ndani kabla ya kuachiwa. Sasa sema mbali, ndizi: hakuna kuvuta. B ya Kijapani ni ile ya mbali baada ya kuiondoa m. Jaribu na neno bara, ambalo kwao ni ua la waridi. Ukikosea hapa utaeleweka tu, ila lafudhi itajulikana.

"Konsonanti ikiandikwa mara mbili, itie nguvu."

Hii ndiyo dhana inayowagharimu wanafunzi kuliko zote, na haihusu sauti yoyote mpya. Hapa jambo ni muda. Kijapani hupimwa kwa mapigo yanayokaribiana urefu, na konsonanti iliyorudiwa huchukua pigo zima peke yake. Kite kudasai ni "tafadhali njoo". Kitte kudasai, ukiwa dirishani posta, ni kuomba stempu. Ukimsogelea karani na kumwambia la kwanza, nguvu ya sauti haitakuokoa. Oto ni sauti, otto ni mume. Kata ni bega, katta ni "nilinunua".

Kwenye kitte, ulimi hupanda mahali pa t, hubana, na hukaa hapo kimya kwa pigo moja kabla ya kuachia. Gonga meza kwa kidole: ki, kimya, te. Kimya hicho ni sehemu ya neno. Kwenye s na sh hakuna kimya, ila mlio hurefuka, kama katika zasshi, jarida.

Tena muda huu tunao. Linganisha kitu kimoja na mtu mmoja: m ya kwanza ya mmoja ina pigo lake, na mtoto wa miaka mitatu hatuchanganyii. Vivyo hivyo nne. Waganda wanaosema Kiswahili wametuzidi, kwani kwao okuta ni kuachilia na okutta ni kuua. Aliyesoma chuo cha Kurani ameshagombezwa vya kutosha kwa kuacha shadda, ile alama ya kurudia konsonanti. Mwalimu wa Kijapani angetumia dakika kumi kwenye mmoja na shadda kabla ya kufungua kitabu, darasa zima lingepona.

"Sikio la mtu mzima limeshaziba."

Mwaka 1991 huko Marekani ulichapishwa utafiti juu ya Wajapani watu wazima waliofunzwa kutofautisha r na l za Kiingereza kwa kusikilizishwa sauti za watu mbalimbali. Majuma machache yalitosha kuboresha usikivu wao.

"N ni n."

N inayofunga silabi ni pigo kamili, na hubadilika kumfuata jirani yake. Gazeti ni shinbun, lakini Asahi Shimbun huandika jina lake kwa m, kwa sababu ndivyo mdomo unavyosema. Sisi husema barua ndefu, kisha barua mbaya, n ikawa m bila kufikiri. Mwishoni mwa neno, kama Nihon, yaani Japani, ulimi haugusi meno. Sauti hubaki nyuma, karibu na ng' ya ng'ombe.

Tatizo huja inapofuatwa na irabu. Kinen ni kumbukumbu, na lina mapigo matatu: ki-ne-n. Kin'en ni marufuku kuvuta sigara, na lina manne: ki-n-e-n. N ya kwanza ya kin'en haiungani na e. Ulimi usiguse popote, pumzi ipite puani, kisha e ianze yenyewe.