Viini vingi vya prosesa haviharakishi tovuti ndogo

Wengi wanaopanga seva ya tovuti ndogo inayotegemea hifadhidata huamini kwamba kasi hupatikana kwa kuongeza viini vya prosesa, ilhali ombi moja la MySQL (programu ya kuendesha hifadhidata) kwa kawaida hushughulikiwa na kiini kimoja tu. Kinachochelewesha mara nyingi ni diski, kwa kuwa data isiyoenea kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) hulazimika kusomwa huko tena na tena. Hata hivyo, kununua RAM pekee hakutoshi (hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure), kwa sababu MySQL isiporekebishwa mipangilio yake huitengea InnoDB, sehemu yake inayohifadhi na kusoma data, MB 128 tu za kuweka data kwenye RAM, hata seva ikiwa na GB 32. Tena, jedwali la wateja lisilo na faharasa (orodha ya kutafutia haraka) ya namba za simu litasomwa lote, mstari kwa mstari, ili kumpata mteja mmoja.