Zamani ya Mbiti sio "kitambo"

Juzi hapa Dodoma nimekaa kwenye kikao kilichotakiwa kuanza saa tatu, kikaanza saa tano, afu mtu anasimama kabisa anasema tusilaumiane, Profesa Mbiti alishathibitisha Mwafrika hana wakati ujao. Hii nimeisikia mara nyingi mno na inaniuma.

Kwa kifupi John Mbiti, mwanatheolojia na mwanafalsafa, Mkamba wa Kenya, kwenye kitabu chake cha 1969 African Religions and Philosophy aligawa wakati mara mbili kwa maneno ya Kiswahili: Sasa ni yanayotokea, yaliyotokea karibuni na yanayokaribia kutokea, Zamani ni kule matukio yote yanakoenda kutulia. Basi.

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe, maana sisi tukisikia zamani tunaelewa kitambo, yaliyopita yakaisha. Ila limetoka Kiarabu, zaman, na huko ni wakati tu, enzi, halisemi umepita wala unakuja, ndo maana wazee wanasema zamani za Mjerumani (huyo aliyepitisha reli hapa) na wanasema zamani hizi pia, na zama imetoka humo humo. Na kwa Mbiti Zamani haijafa. Babu yako marehemu bado yuko kwenye Sasa mpaka aondoke mtu wa mwisho anayemkumbuka kwa jina, hapo ndo anaingia Zamani, yaani hivi viwili vinaingiliana, hakuna ukuta katikati.

Kuhusu ujao, aliangalia vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu akaona haviendi mbele zaidi ya miaka kama miwili. Kuibebesha Afrika nzima hiyo hata mimi sikubali, mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga kwa kutumia Kiakan, lugha ya huko kwao, na Kiswahili chetu -ta- haina kikomo, "nitajenga" inaweza kuwa kesho au miaka ishirini. Lakini hata Mbiti mvua ya msimu unaokuja hakuitoa kwenye wakati, kwa sababu majira lazima yazunguke, kwa hiyo mama wa Chamwino anayesafisha shamba la uwele kabla wingu halijaonekana anaujua ujao vizuri tu.

Na habari ya kuchelewa Mbiti aliigusia kweli, ila alikuwa anawajibu wageni wanaokuta watu wamekaa wanasema wanapoteza muda, akasema hao wanausubiri wakati au wanautengeneza. Sasa ndugu yangu, saa tatu yetu tuliipanga wenyewe, tukichelewa tuseme tu samahani jamani, nimechelewa.