"Imeandika Imetumwa": Yanayosemwa na Yaliyo Kweli Kuhusu Barua Pepe za Skripti

Shule moja ya bweni upande wa Maseno inataka kila mzazi apate taarifa ya karo kwa barua pepe kabla muhula haujafunguliwa. Anatafutwa kijana anayejua Python, lugha ya programu, anaandika skripti (programu fupi ya kutuma barua hizo) jioni moja, na asubuhi yake mazungumzo na mhasibu ni yale yale unayoyasikia Kisumu nzima:

"Madam, zimeenda zote. Ona hapa, hakuna kosa hata moja."

"Zimeenda wapi? Wazazi wananipigia simu tangu asubuhi, hawajaona kitu."

Wote wawili wanasema kweli.

"Skripti haikuleta kosa, basi barua imefika"

Hii ndiyo dhana mama. SMTP, itifaki ambayo Jon Postel aliiandika mwaka 1982 na ambayo hadi leo ndiyo inayobeba barua pepe, ni mazungumzo ya zamu kati ya mashine mbili. Washa `set_debuglevel(1)` kwenye smtplib, maktaba ya Python ya kutuma barua, uyaone yakipita: skripti inasalimu kwa EHLO, inamtaja mtumaji kwa MAIL FROM, inamtaja mpokeaji kwa RCPT TO, inasema DATA, inamwaga barua yenyewe, na mwisho inaweka nukta moja peke yake kwenye mstari. Seva, yaani mashine inayopokea, ikijibu 250 inamaanisha jambo moja tu: nimeipokea, niachie mimi. Ni kama kukabidhi kifurushi steji ya Kisumu kiende Nakuru. Risiti inasema kimepokelewa, haisemi mwenyewe amekichukua.

`mail()` ya PHP, lugha nyingine ya programu inayotumika sana kwenye tovuti, inaahidi pungufu ya hapo. Ikirudisha true, maana yake programu ya barua iliyo kwenye seva hiyo hiyo imekubali kuichukua. Barua haijatoka hata mlangoni.

Kuna jambo ambalo hata wazoefu hulipita. Ukituma barua moja kwa watu wengi kwa smtplib, na seva ikawakataa baadhi yao, skripti haianguki; huanguka wakikataliwa wote. Waliokataliwa hurudishwa kimyakimya ndani ya kamusi (orodha ya Python, kila anwani na sababu yake), na ni nadra kukuta msimbo unaoisoma. Ni mstari mmoja tu: `waliokataliwa = s.send_message(barua)`, halafu uandike matokeo kwenye faili.

Hata hivyo, anwani iliyokosewa mara nyingi haikataliwi papo hapo. Seva unayopitia huipokea, hujaribu kuifikisha baadaye, na ikishindwa hurudisha taarifa kwa anwani iliyotajwa kwenye MAIL FROM. Kama hapo uliweka noreply isiyofunguliwa na mtu, majibu ya kila "mbona mimi sijapata" yanarundikana humo. Kwa maoni yangu, kikasha cha barua zilizorudi ndicho kitu cha kwanza cha kutengeneza, kabla ya kupamba barua kwa rangi na nembo ya shule.

"Kwenye From naandika anwani ninayotaka"

Kuandika utaandika. SMTP ya 1982 haikuzuii hata kujiita gavana, na ndiyo sababu wapokeaji wakajiwekea ukaguzi wao. SPF ni orodha iliyo kwenye DNS (daftari la mtandaoni) ya kikoa chako, yaani jina linalofuata alama ya @, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake. DKIM ni sahihi ya kidijitali inayotiwa kwenye barua, na ufunguo wa kuihakiki uko kwenye DNS hiyo hiyo. DMARC inadai angalau moja kati ya hizo mbili ipite na ilingane na kikoa ambacho msomaji anakiona kwenye From, kisha inatangaza barua isiyopita ifanywe nini.

Sasa chukua fomu ya mawasiliano ya hoteli ya Milimani. Mgeni anajaza jina, anwani yake ya Yahoo na swali la bei ya vyumba. Aliyeunda fomu anaitia anwani ya mgeni kwenye From, ili meneja akibonyeza kujibu, jibu liende moja kwa moja kwa mgeni. Nia ni njema. Lakini barua hiyo imetoka kwenye seva ya hoteli huku ikijidai imetoka Yahoo, na Yahoo imetangaza tangu 2014 kwamba barua za namna hiyo zikataliwe. Meneja anadhani msimu ni mbaya, kumbe maswali ya wageni yanatupwa.

Dawa ni ndogo: From iwe anwani ya kikoa cha hoteli, ya mgeni iende kwenye Reply-To. Hakikisha pia anwani aliyoijaza haina alama ya mstari mpya ndani yake, kwa sababu mjanja anaweza kupenyeza vichwa vyake (mistari ya juu ya barua, kama From) hapo na kuigeuza fomu yako mtambo wa barua taka. EmailMessage ya Python hukataa kichwa chenye mstari mpya. Anayeunganisha vichwa kwa mkono kwenye PHP ajikague mwenyewe.

"Lakini sisi ni wadogo." Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na wanaotuma barua kama 5,000 na kuendelea kwa siku wawe na zote tatu. Ukitaka kujua uko wapi, jitumie barua kwenye Gmail yako, fungua maandishi yake asilia, na utafute mstari wa Authentication-Results. Hapo utasoma spf=pass au spf=fail, na nyingine vivyo hivyo.

"Gmail imekataa nenosiri, Python ina shida"

Python haina shida. Kosa 535 ni la Google: kuanzia 30 Mei 2022 akaunti za kawaida haziingii tena kupitia programu kwa nenosiri la kila siku. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha uombe nenosiri la programu, lenye herufi 16. Video za zamani bado zinakutuma kutafuta kitufe ambacho kilishaondolewa. Tumia poti (mlango wa seva) 587 pamoja na `starttls()`, au 465 na SMTP_SSL; zote mbili hufunga mazungumzo yasisomwe njiani. Na tafadhali, herufi hizo 16 zisikae ndani ya faili unayoipandisha GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo.

Poti 25 iache. Kwenye seva za kukodi za Amazon na Google imefungwa kwa kawaida, kwa hiyo skripti inaning'inia mpaka muda unakwisha, halafu lawama anabebeshwa mtu wa intaneti.

"Nimeweka Bcc, hawataonana"

Bcc ni sehemu ya kuweka wapokeaji wasioonekana na wenzao. Inategemea umetumia nini. Wanaopelekewa barua ni wale waliotajwa kwenye RCPT TO. Kichwa cha Bcc hakihitajiki kabisa kwa kazi hiyo. `send_message` hukiondoa kabla ya kutuma. `sendmail`, amri nyingine ya smtplib, hutuma maandishi kama ulivyoyapa, kwa hiyo mstari wa Bcc ulioandikwa humo unaweza kumfikia kila mzazi ukiwa na anwani za wenzake wote. Jina la mtoto na deni la karo ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Zungusha kitanzi cha for, kila mzazi apate barua yake.

Kitanzi hicho nacho kina kikomo: akaunti ya kawaida ya Gmail hutuma kwa watu 500 kwa siku. Shule yenye wazazi wengi zaidi igawanye kazi kwa siku kadhaa au itumie huduma ya kulipia. Viambatisho navyo huongezeka uzito njiani, kwa kuwa base64, njia ya kuandika faili kwa herufi tupu, hugeuza kila baiti 3 kuwa herufi 4. Jarida la PDF la MB 20, lenye picha za siku ya michezo, linakaribia MB 27, na linaweza kugonga kikomo cha ukubwa cha seva. Liweke kwenye tovuti ya shule, barua ibebe kiungo tu.