Je, wajua kwa nini "gift" ni ndoa na pia ni sumu huko Skandinavia?

Kwenye fomu za Sweden, palipoulizwa hali ya ndoa, aliyeoa au kuolewa hujaza "gift". Sumu ya panya nayo ni "råttgift". Herufi ni zilezile na matamshi ni yaleyale, kama "yift". Norway hutamka hivyohivyo. Denmark g husikika kama yetu.

Wenyeji hulitania sana neno hili, lakini asili yake haina uhasama na ndoa. Maana zote mbili zimetokana na kitenzi cha kale cha "kutoa". Binti alitolewa na baba au ndugu zake, na sheria za zamani za Sweden zilimwita mwenye mamlaka hayo "giftoman". Sumu ilipita njia ndefu zaidi. Wagiriki walikiita kipimo cha dawa "dosis", maana yake kitu kinachotolewa. Kilatini kikalikopa, na Wajerumani wakalitafsiri kwa neno lao la kutoa, "Gift". Neno hilo la staha likatumika kuificha sumu, hadi likawa jina lake hasa, kisha likaingia Skandinavia.

Iceland inalithibitisha hilo vizuri. Huko mwanamke aliyeolewa ni "gift", ila sumu imebaki na jina lake la kale, "eitur". Ndugu wa neno hilo yumo ndani ya jina la buibui kwa Kidenmark, "edderkop". Hata Waingereza, ambao leo "gift" kwao ni zawadi, zamani walikuwa nalo kwa maana ya mahari.

(Sisi tuna kuoza binti na kuoza kwa embe, lakini hayo ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu. "Gift" ni mzizi mmoja.)

Kwa Kiswidi, tazama sarufi. "Ett gift" na "giftet" ni sumu. "Gift med" ni kuwa katika ndoa na fulani. Kwenye maneno ya kuunganisha, "gift-" tupu huwa sumu: "giftorm" (gift + orm) ni nyoka wa sumu. "Gifto-" na "gifter-" ni ndoa: "giftermål" ni ndoa yenyewe, na "giftorätt" ni haki ya mwenzi katika mali ya ndoa. Wanaojifunza hukwama zaidi kwenye "ogift", asiye na ndoa, na "ogiftig", isiyo na sumu. Uyoga huwa "ogiftig". Mtu ndiye "ogift".

Na ukiwa Denmark, "Giftlinjen", 82 12 12 12, ni simu ya ushauri kuhusu sumu, saa 24.