Dick LeBeau: jicho la konabeki lililogeuka mfumo wa ulinzi

Ndugu zetu wanaohamia Marekani huniuliza sana kuhusu futiboli ya huku. Kwa nini majitu yale yanagongana sekunde tano, halafu kila mtu anasimama? Mimi nafundisha mabeki wa nyuma kwenye shule moja ya sekondari hapa Ohio, na huwa nawajibu hivi: acha kwanza kuufuata mpira kwa macho, utazame ulinzi. Ukitaka kuuelewa ulinzi wa leo, anza na Dick LeBeau.

Alizaliwa 1937 mjini London. Siyo ile ya Uingereza, ni mji mdogo wa hapa hapa Ohio, magharibi mwa Columbus. Alisoma na kucheza Ohio State chini ya kocha Woody Hayes, akawemo kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa wa vyuo 1957. Mwaka 1959 Cleveland Browns walimchagua raundi ya tano, timu zilipokuwa zikichagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, kisha wakamtema kambini hata ligi haijaanza. Detroit Lions wakamchukua, na hapo akadumu misimu 14, hadi 1972. Alinasa pasi 62 za wapinzani na kucheza mechi 171 mfululizo bila kukosa hata moja. Wengi husifia ile 62. Mimi hunishangaza zaidi ile 171, kwa sababu konabeki hukimbizana na watu wepesi, na sekunde chache baadaye anatakiwa kumwangusha mtu wa kilo mia anayekuja kwa kasi.

Konabeki ndiye beki anayesimama pembeni kabisa, uso kwa uso na mpokeaji wa pasi. Ubora wake haupimwi kwa miguu tu. Aliye bingwa humwachia mpokeaji nafasi kidogo, kwotabeki, yaani mrusha pasi wa timu inayoshambulia, aamini kwamba mtu wake yuko huru, na mpira ukishatoka mkononi anaufunga ule mwanya. Yaani anamchagulia mpinzani pa kurushia. Shule aliyoipata LeBeau haikuwa ndogo: kwa miaka kadhaa konabeki wa upande wa pili pale Detroit alikuwa Dick Lane, ambaye 1952 alinasa pasi 14 katika msimu mmoja, rekodi ambayo mpaka leo haijavunjwa.

Alipostaafu hakukabidhiwa timu. Alianza 1973 Philadelphia Eagles, akifundisha vikosi vya mipira ya mateke, kazi ambayo makocha wachanga huipokea kwa shingo upande. Kutoka 1976 alikuwa kocha wa mabeki Green Bay, kutoka 1980 Cincinnati Bengals. Ilipofika 1984 ndipo Bengals walipomkabidhi ulinzi mzima.

Alirithi tatizo lililokuwa likiwasumbua makocha wote wa enzi ile. Timu inayoshambulia huwa na wazuiaji watano mbele ya kwotabeki, na kazi yao ni kumkinga. Ulinzi wa kawaida hutuma watu wanne kumfuata. Watano dhidi ya wanne, kwotabeki anapumua. Ukitaka kumharakisha, unaongeza watu: watano, sita, hata saba. Hiyo ndiyo blitzi. Gharama yake inalipwa nyuma, kwa sababu waliobaki wanakaba mtu na mtu na hakuna wa kumfunika mwenzake akipitwa. Kocha Bill Walsh wa San Francisco 49ers alijenga ushambuliaji wa pasi fupi ambao ulikula humo humo. Kwotabeki akimwona lainibeki, yule mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wa mbele, anakuja, anarusha mpira pale pale lainibeki alipotoka, haraka, kabla hajafikiwa.

LeBeau alitaka presha isiyoacha mlango wazi. Wazo la presha salama alilipata kwa Bill Arnsparger, mjuzi wa ulinzi aliyewahi kung'ara na Miami Dolphins miaka ya 1970, halafu akalipanua mpaka likawa mfumo kamili. Leo unaitwa zoni blitzi.

Uchore mchezo mmoja kichwani. Kulia, lainibeki na beki mmoja wa nyuma wanakuja kwa kasi pamoja na watu watatu wa mstari wa mbele. Jumla watano. Kushoto kuna jitu la kilo 120 ambalo tangu mwanzo limeinama, mkono chini, kila mtu anaamini linakuja kugongana. Mpira unapoanzishwa, linapiga hatua moja mbele, linamgusa mzuiaji kifuani, kisha linarudi nyuma na kusimama kwenye njia ya pasi fupi. Upande huo wazuiaji wawili wamebaki wakilinda hewa, huku kulia wenzao wanazidiwa idadi. Nyuma kabisa mabeki watatu wamegawana uwanja vipande vitatu, na mbele yao wapo watatu wakikaba eneo, lile jitu likiwa mmojawao. Watano, watatu, watatu: kumi na moja wametimia.

Kwotabeki anafanya alichofundishwa. Anaona presha inatoka kulia, anatafuta pasi ya haraka, anarusha. Kumbe aliyesimama pale ni mtu ambaye hakumhesabu kabisa. Dema halimfukuzi samaki, linawekwa anapopita. Kwangu mimi huo ndio ujanja wa konabeki, ila sasa unafanywa na watu kumi na mmoja kwa pamoja, na sidhani kama kocha aliyekulia kwenye mstari wa mbele angeuwaza hivyo. Mtu wa mbele hufikiria jinsi ya kumshinda aliye mbele yake. Konabeki hufikiria kwotabeki anaona nini.

Haukuwa muujiza. Januari 1989 Bengals walikuwa mbele 16–13 dhidi ya 49ers kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, zimebaki kama dakika tatu, na kwotabeki wa 49ers, Joe Montana, anaanzia yadi 8 za kwake. Montana akapanda yadi 92, na pasi ya mwisho kwa John Taylor ikaingia zikiwa zimesalia sekunde 34. Ikawa 20–16. Kwotabeki mtulivu hata mtego mzuri anaupita, na mtego huu unategemea mtu anayeamua upesi kwa mazoea.

Mfumo ulipochanua kweli ni Pittsburgh. LeBeau alifika Steelers, timu ya mji huo, 1992 kufundisha mabeki, akawa mkuu wa ulinzi 1995 na 1996. Steelers walicheza na watu watatu tu wa mstari wa mbele na malainibeki wanne, na lainibeki tayari ni mtu anayeweza kwenda mbele au kurudi, kwa hiyo mpinzani hajui kati ya wanne hao nani atatoka. Kulikuwa na Greg Lloyd na Kevin Greene pembeni, Rod Woodson nyuma. Mashabiki wakaubatiza mji Blitzburgh.

Katikati hapo alirudi Cincinnati na kuwa kocha mkuu, kuanzia 2000 hadi 2002. Alishinda mechi 12, akapoteza 33. Yatosha.

Pittsburgh wakamrejesha 2004, akiwa na miaka 66. Februari 2006 wakachukua Super Bowl kwa kuifunga Seattle 21–10, tena mjini Detroit, alikochezea misimu yote 14. Msimu wa 2008 ulinzi wake uliruhusu yadi chache na pointi chache kuliko timu nyingine yoyote ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya huku.

Fainali ya msimu huo, Tampa, Februari 1, 2009, ndiyo ninayowaonyesha vijana wangu. Pittsburgh wanaongoza 10–7, zimebaki sekunde 18 kabla ya mapumziko, Arizona Cardinals wako yadi 1 tu kutoka mstari wa kufungia. Maelekezo yalimtaka James Harrison amfuate kwotabeki Kurt Warner. Harrison akapiga hatua kama anakwenda, kisha akarudi na kusimama mbele ya Anquan Boldin. Warner hakumwona. Harrison akainasa pasi na kukimbia nayo yadi 100 mpaka mwisho wa pili wa uwanja. Badala ya kwenda mapumziko nyuma 14–10, Steelers walikwenda mbele 17–7, na mwisho wakashinda 27–23.

Angalia hapo: Harrison alikiuka maelekezo, na bado lilikuwa tendo la LeBeau mtupu. Mtu aliyekwisha rudi vile mara nyingi, akijua sababu ya kurudi, anaweza kuamua mwenyewe siku mpira ukimtaka arudi. Makocha wengi, nikiwemo mimi, tungetamani utii. Yeye alikuwa akifundisha sababu. Ndiyo maana Troy Polamalu, beki wa nyuma, aliachiwa kuzunguka atakavyo kabla mpira haujaanzishwa, na 2010 dhidi ya Tennessee akaruka juu ya wazuiaji na kumdaka kwotabeki Kerry Collins papo hapo.

Wachezaji walimpenda kupita kiasi. Kila Krismasi aliwaghania shairi refu kwa kichwa, na kuna siku walivaa jezi yake ya zamani ya Lions, namba 44, kuwakumbusha wapiga kura wa ukumbi wa mashujaa kule Canton. Aliingizwa 2010, na aliingizwa kama mchezaji. Alistahili, lakini kwa maoni yangu pasi 62 ni nusu ya hoja tu. Aliendelea kufundisha hadi msimu wa 2017 akiwa na Tennessee Titans, umri miaka 80. Ukijumlisha uwanjani na benchi, ni misimu 59 NFL bila kukatika.

Makocha wa sasa wameupunguza mfumo wake. Wanaonyesha watu sita mbele, wanatuma wanne tu, na kati ya hao mmoja ni yule usiyemtarajia. Nyuma wanabaki saba. Kwa vijana wangu naweka mpango mmoja tu wa aina hii, na mazoezi yake ni ya miguu zaidi: hatua moja mbele, mkono kifuani kwa mzuiaji, geuka, hatua tano kuelekea ndani. Anayegeuka kabla mkono haujafika kifuani ameshamwambia kwotabeki kila kitu, na tunarudia.