Nani Atanunua Betri ya Pili?

Nikiulizwa gharama ya kujenga mtandao wa intaneti wa jamii, yaani ule unaomilikiwa na kuendeshwa na wenyeji wenyewe, nami huuliza: betri ya pili, ile ya kushika nafasi ya kwanza ikichoka, atanunua nani? Mnara, antena na ruta hupata wafadhili upesi, maana hupendeza pichani. Betri ya pili haina mfadhili.

Mimi ni fundi wa mitandao hii, na nyingi nilizoitwa kuzifufua zilianzia kufa hapo. Betri ya asidi ya risasi inayochajiwa kwa sola ikinyonywa kupita nusu kila usiku, huchoka mapema. Dalili yake ni mtandao kuzimika mnamo saa kumi alfajiri na kurudi jua likishapanda. Mteja hajui habari za betri; anachojua ni kwamba intaneti ni mbovu, basi anaacha kulipa. Mapato yanashuka, betri mpya hainunuliki, na ruta ambayo bado ni nzima inabaki juu kama pambo.

Dawa yake ni kupanga bei ya kifurushi ibebe gharama zote. Bili ya mtoa huduma mkubwa, yaani kampuni inayouuzia mtandao wenu intaneti, haisahauliki, kwa kuwa usipolipa unakatwa. Akiba ya vifaa ndiyo husahaulika: gawa bei ya betri kwa miezi unayotarajia idumu, fedha hiyo itengwe kila mwezi, tena isiguswe. Na fundi alipwe. Kijana anayepanda mnara bure leo, kesho akipata ajira ataondoka na nywila zote kichwani.

Vifurushi pekee huenda visitoshe. Huko Mankosi, katika Rasi ya Mashariki ya Afrika Kusini, ushirika wa Zenzeleni ulitumia sola za vituo vyake kuchajia watu simu kwa malipo. Guifi.net ya Katalunya, Hispania, iliyoanza mwaka 2004, ina utaratibu mwingine: kampuni zinazouza huduma kupitia mtandao huo huchangia gharama kwa kadiri zinavyoutumia. Naupenda zaidi huu wa pili, ingawa unadai mahesabu ambayo kikundi kichanga hakiyawezi.

Leseni nayo ina uzito wake. Ada iliyopangiwa kampuni kubwa inaweza kumeza akiba yote ya betri. Kenya ilitoa mwongozo wa leseni mahususi kwa mitandao ya jamii mwaka 2021; penye nafasi kama hiyo, kikundi kijisajili kabla ya kusimamisha mnara, kwa sababu vifaa vikishakamatwa kwa kukosa leseni, kuvikomboa ni gharama nyingine isiyo na fungu.